Sindano, Mkasi, Kamba na Ndoo: Imamu Ghazali juu ya Kuacha Mali na Kumtegemea Mungu

Kuacha mali kwa ajili ya Mungu ni jambo linalosifiwa katika dini nyingi na kutendwa na watu wachache, na sababu ya uchache huo si uchoyo peke yake. Mwenye shamba, duka au mshahara ana watoto wanaokula kutokana na hicho alicho nacho, ana wazazi wanaokitazamia kila mwisho wa mwezi, na mara nyingi ana wadai wanaokihesabu kuwa tayari ni chao, kiasi kwamba akikitupa leo hatakuwa amejivua yeye mwenyewe tu bali atakuwa amewavua na hao wote bila kuwauliza. Mahubiri mengi kuhusu ubaya wa dunia hupita upesi mahali hapo. Mwandishi mmoja aliyesimama hapo kwa muda mrefu, akayapima mambo kwa uangalifu wa kadhi na wasiwasi wa mtu ambaye yamemfika, ni Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, ambaye Waislamu wa Afrika Mashariki humwita Imamu Ghazali, na aliyeishi kati ya mwaka 1058 na 1111.

Istilahi mbili zahitaji kufafanuliwa kabla ya kuendelea, kwa kuwa katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa. Ya kwanza ni zuhudi, yaani hali ya moyo kuugeukia mlango wa Mungu na kuipa kisogo dunia, hali ambayo si lazima iambatane na ufukara, kwani fukara anayeitamani dunia usiku na mchana hana zuhudi hata kidogo. Ya pili ni tawakali, yaani kumkabidhi Mungu mambo na kuwa na imani naye juu ya riziki, usalama na mwisho wa kila jitihada. Zuhudi inahusu kile ambacho mtu anakiachia, na tawakali inahusu pale anapoegemea baada ya kukiachia. Na Ghazali anaonyesha kwamba mtu anaweza kuwa hodari wa la kwanza huku akiwa hajaanza la pili, kwa sababu ni rahisi kumaliza akiba kuliko kulala usingizi siku akiba ilipokwisha.

Ghazali alizaliwa Tus, mji wa eneo la Khorasan katika Iran ya leo, akaachwa yatima mapema pamoja na mdogo wake Ahmad. Wanatabaka, yaani waandishi wa wasifu wa wanazuoni, wanasimulia kwamba baba yao aliwakabidhi kwa rafiki yake Msufi pamoja na fedha kidogo, na fedha hizo zilipokwisha yule mlezi, ambaye naye alikuwa fukara, aliwashauri waingie madrasa ili wapate chakula kilichotolewa kwa wanafunzi. Baadaye Ghazali mwenyewe alikiri kwamba waliitafuta elimu kwa ajili ya kitu kingine kisichokuwa Mungu. Kisa kingine kinachosimuliwa juu ya ujana wake kinahusu msafara ulioporwa na wanyang'anyi alipokuwa akirudi kutoka Jurjan: aliwafuata akiomba arudishiwe karatasi tu alizoandikia masomo yake, na mkubwa wa wanyang'anyi akamcheka, kwani vipi adai kuwa na elimu ambayo yeyote anaweza kumpokonya kwa kubeba mfuko? Karatasi alirudishiwa, lakini alitumia miaka mitatu kuyahifadhi yote kichwani, asipate tena kuwa na elimu inayoibika.

Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Juwayni, akawa mwanafunzi mashuhuri kuliko wote, na mwaka 1091 waziri mkubwa wa dola ya Waseljuki, Nizam al-Mulk, alimteua kuongoza mafunzo katika Nizamiyya ya Baghdad, madrasa iliyokuwa na heshima isiyo na mfano katika ulimwengu wa Kiislamu wa wakati ule. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tatu hivi. Abd al-Ghafir al-Farisi, mwanahistoria wa Nishapur aliyemfahamu ana kwa ana, hakuficha kwamba Ghazali wa siku hizo alikuwa mtu wa majivuno, aliyewatazama wenziwe kwa dharau na kujigamba kwa ufasaha alioruzukiwa.

Kilichotokea mwaka 1095 amekisimulia mwenyewe katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal, alichokiandika mwishoni mwa maisha yake. Alipouchunguza ufundishaji wake aliona kwamba kilichomsukuma si Mungu bali ni jaha, yaani cheo, sifa na nafasi katika nyoyo za watu. Na kwa karibu miezi sita, kuanzia mwezi wa Rajabu, alivutwa huku na huku, asubuhi akiazimia kuondoka na jioni akijipa sababu za kubaki. Kisha ulimi ulifungika. Alijaribu kusomesha hata siku moja ili kuwaridhisha wanafunzi, asiweze kutamka neno. Chakula na kinywaji vikawa havishuki, na matabibu, walipoona kwamba ugonjwa umeanzia moyoni ndipo ukaenea mwilini, wakakata tamaa ya kumtibu. Yafaa kutua hapa, kwa kuwa wengi wanaposimulia kisa hiki husema tu kwamba Ghazali aliacha utajiri, ilhali maelezo yake yanaonyesha kwamba fedha haikumsumbua sana. Kilichomfunga ulimi ni kiti. Si ajabu basi kwamba katika kitabu chake kikubwa alitenga juzuu nzima kueleza ubaya wa jaha, mara tu baada ya ile inayohusu ubaya wa kupenda mali, na humo akaona kwamba jaha hupendwa zaidi kuliko mali, kwani mwenye jaha huipata mali kwa urahisi, ila mwenye mali si lazima aipate jaha.

Mwezi wa Novemba 1095 aliondoka Baghdad. Aliwaambia watu kwamba anakwenda Makka, huku akiwa amedhamiria kwenda Shamu, kwa hofu kwamba khalifa na marafiki wangemzuia. Jinsi alivyoipanga mali yake ni jambo ambalo wasomaji wengi huliruka: aligawa alichokuwa nacho, akabakiza kiasi cha kumtosha yeye na chakula cha watoto wake, na akaeleza kisheria kwa nini alijiona yuko huru kukibakiza. Mali ya Iraq, alisema, imetengwa kwa maslahi kwa kuwa ni wakfu juu ya Waislamu, na hakuona duniani mali iliyo bora zaidi kwa mwanachuoni kuwachukulia watoto wake. Wakfu ni mali ambayo imetolewa katika umiliki wa mtu ikafungwa kwa ajili ya Mungu, shina lake lisiuzwe wala lisirithiwe, na mapato yake yakatumika kwa watu au kazi iliyotajwa. Kwa hiyo mtu huyu aliyekuwa akienda kuishi kama fukara katika mnara wa msikiti wa Damascus aliegemea, kwa upande wa watoto wake, mali ambayo watu wengine walikwisha kuiachia zamani. Pale ambapo jamii ina mfuko wa pamoja uliotengwa kwa ajili ya Mungu, mtu mmoja anaweza kuachia kilicho mikononi mwake bila watoto wake kulala njaa. Pasipokuwa na mfuko huo, uamuzi uleule huwa mzito zaidi, na pengine huwa dhuluma.

Watu wa wakati wake walikisia sababu nyingi za kuondoka kwake. Walioishi mbali na Iraq walidhani amekimbia watawala, na walioishi karibu, ambao waliwaona watawala wakimbembeleza abaki, walisema ni jicho baya limewapata Waislamu. Wanahistoria wa leo nao wameendeleza makisio hayo, wakikumbusha kwamba Nizam al-Mulk aliuawa mwaka 1092 na kwamba zama zile zilijaa vita vya kugombea usultani. Huenda hofu ilikuwa na sehemu yake, kwani ni nadra uamuzi mkubwa wa binadamu kuwa na sababu moja. Hata hivyo, mtu anayekimbia hatari tu hana haja ya kuweka nadhiri aliyoiweka baadaye kwenye kaburi la Nabii Ibrahimu huko Hebron, kwamba hatapokea fedha ya sultani, hataingia katika baraza la sultani, na hatashiriki mashindano ya hoja mbele ya watu. Zote tatu ni milango ya jaha.

Ni katika miaka hiyo ya kuzunguka Damascus, Yerusalemu na Hijazi ndipo alipoanza kuandika Ihya Ulum al-Din, kitabu cha juzuu arobaini zilizogawanywa katika robo nne, yaani ibada, desturi za maisha, mambo yanayoangamiza na mambo yanayookoa. Juzuu ya 34 inahusu ufukara na zuhudi, na ya 35 inahusu tauhidi na tawakali. Mpangilio huo una maana yake, kwa sababu Ghazali haizungumzii tawakali kabla msomaji hajapitishwa katika mlolongo mrefu wa sheria za chakula, ndoa, biashara na haki za jirani. Anayeifikia juzuu ya 35 amekwisha kujifunza katika juzuu zilizotangulia kwamba kuchuma cha halali ni wajibu na kwamba kudanganya katika mizani ni haramu.

Kuhusu zuhudi, Ghazali anataja daraja tatu. Wa kwanza huitamani dunia lakini hushindana na nafsi yake na kuiacha kwa taabu. Wa pili huiacha kwa hiari kwa kuwa ameona kilicho bora kuliko hiyo, ila bado anajua na kukumbuka kwamba ameacha kitu. Wa tatu haoni kwamba ameacha chochote, kwa sababu alichokiacha machoni pake si kitu. Juu ya hao wote anamweka mtu ambaye kuwa na mali na kutokuwa nayo kumekuwa sawa kwake, na mfano wake ni Bibi Aisha, mke wa Mtume Muhammad (S.A.W.), ambaye alipoletewa dirhamu 100,000 alizigawa zote siku ileile, na mtumishi wake alipomwambia kwamba angebakiza dirhamu moja ya kununulia nyama ya kufuturu, alijibu kwamba kama angekumbushwa angefanya hivyo. Ghazali anatazama hasa jibu la mwisho. Mtu ambaye angeona fahari kwa kugawa dirhamu 100,000 asingekubali kwamba ya nyama angeibakiza. Bibi Aisha hakuwa na shida na dirhamu hiyo, wala na kuwa nayo wala na kuikosa.

Si wanazuoni wote waliopendezwa na mtindo wa Ihya. Ibn al-Jawzi, mhubiri maarufu wa Baghdad aliyefariki mwaka 1201, aliushambulia utamaduni wa Masufi wa kuitupa mali, akakumbusha kwamba miongoni mwa masahaba wakubwa wa Mtume alikuwamo tajiri kama Abd al-Rahman ibn Awf, na akamlaumu Ghazali kwa kuingiza katika kitabu chake visa vya masheikh ambao matendo yao hayapimwi kwa sheria. Lawama hiyo ina ukweli, kwani baadhi ya visa hivyo vinashangaza, na msomaji anayevichukua kama maagizo anaweza kujidhuru. Ila anayeisoma juzuu ya 35 mpaka mwisho ataona kwamba Ghazali mwenyewe hakuviacha visa hivyo vitembee peke yao; alivifunga kwa masharti mengi kiasi kwamba, masharti yakitimizwa, wanaobaki na ruhusa ya kuiga ni wachache mno.

Tawakali nayo ina daraja tatu. Katika ya kwanza, mtu humtegemea Mungu kama mwenye kesi anavyomtegemea wakili mwaminifu na hodari, yaani kwa imani iliyojengwa juu ya kumjua, na bado anaendelea kufikiri na kupanga. Katika ya pili, kama mtoto mchanga anavyomtegemea mama yake, asiyejua mwingine wa kumlilia. Katika ya tatu, kama maiti mikononi mwa mwoshaji. Mfano wa maiti ndio uliopata umaarufu na ndio unaotumiwa vibaya. Ghazali anasema waziwazi kwamba hali ya tatu ni adimu na haidumu, na kwamba anayedhani tawakali maana yake ni kuacha kuchuma kwa mwili na kupanga kwa moyo, akajilaza chini kama kitambaa kilichotupwa, amedhani dhana ya wajinga, tena jambo hilo ni haramu katika sheria.

Ili kuonyesha mpaka uko wapi, anazigawa sababu, yaani njia ambazo kwa kawaida huleta matokeo fulani, katika mafungu matatu. Kuna sababu za hakika, kama kunyoosha mkono kwenye chakula kilichowekwa mbele yako, kukitia mdomoni na kukitafuna. Anayekaa na njaa mbele ya chakula akisema anatawakali, kwake ni mwendawazimu, na ni sawa na anayetaka shamba liote bila mbegu au mke azae bila kukutana na mume. Kuna sababu za kudhaniwa, ambazo kwa kawaida matokeo hayapatikani bila hizo ingawa yawezekana, kama kubeba masurufu ya safari ya jangwani. Na kuna sababu za kuwazia tu, kama hila za mbali na mipango isiyo na kikomo ya mtu anayetaka kujihakikishia kila kitu, na hizi ndizo zinazoharibu tawakali. Kwa maneno mengine, Ghazali anamtaka mtu aache kuutegemea mkono wake, wala hamtaki auache mkono wenyewe, kwa kuwa mkono unaweza kupooza kabla haujafika mdomoni.

Mfano anaoupenda ni wa Ibrahim al-Khawwas, Msufi aliyefariki mwanzoni mwa karne ya 10, aliyejulikana kwa kupita majangwani bila masurufu. Msafiri huyu, ambaye hakubeba hata kipande cha mkate, hakuachana na vitu vinne: sindano, mkasi, kamba na ndoo ndogo ya ngozi. Ghazali anatoa sababu yake. Chakula mtu anaweza kukutana nacho, kwa mpita njia au kwa majani ya kuokoteza, ila maji ya jangwani yamo kisimani na hayapandi juu yenyewe, wala kamba na ndoo havikutwi vimelala jangwani. Na nguo ikipasuka ikamwacha mtu uchi, sala yake imeharibika, na huko hapatikani wa kumwazima sindano. Anayetembea na vitu hivyo vinne hajapunguza tawakali yake, kwa sababu anafuata kawaida ambayo Mungu mwenyewe ameiweka katika uumbaji. Karne nne kabla ya Ghazali, mwanazuoni Ibn Abbas alikuwa amekwisha kueleza kwamba watu wa Yemen walikuwa wakienda Hija bila chochote, wakijiita watu wa tawakali, kisha wakifika Makka huwaomba wengine chakula, na kwamba aya ya Qurani inayoamuru kuchukua masurufu, katika sura ya pili, iliteremka kwa ajili yao.

Kuhusu akiba, hukumu zake ni za vitendo kabisa. Asiye na familia, aliye na moyo thabiti, bora asibakize zaidi ya haja yake. Wengine wamemruhusu siku arobaini. Mwenye familia anaweza kuweka chakula cha mwaka mzima bila kutoka katika tawakali, na dalili ni kwamba Mtume aliwawekea watu wa nyumba yake chakula cha mwaka, ingawa kwa nafsi yake alikataza asiwekewe. Kwa nini mwaka? Kwa sababu mavuno na mapato hurudi kila mwaka, na kuweka zaidi ya hapo ni dalili kwamba moyo umeanza kulitegemea ghala. Vyombo vya nyumbani, kama kikombe na meza, havimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa haja yake haikatiki wala havipatikani upya kila msimu, ilhali nguo za baridi, ambazo hazihitajiki wakati wa joto, zinaweza kutolewa. Kisha anaongeza jambo ambalo mhubiri wa kawaida asingethubutu kulitamka: mtu ambaye moyo wake hautulii mpaka awe na shamba dogo linalotosha mahitaji yake, kwake kulishika shamba hilo ni bora kuliko kuliachia, kwa kuwa lengo ni moyo upate nafasi ya kumkumbuka Mungu, na wako wanaoshughulishwa na kuwa na mali na wako wanaoshughulishwa na kuikosa.

Sehemu nzito zaidi ni ile inayohusu wanaotegemea. Anayetaka kuishi bila kuchuma, Ghazali anaeleza, ni lazima aweze kuvumilia njaa ya wiki nzima bila kutupia macho mikono ya watu, na awe radhi hata kufa ikiwa riziki haikuja. Na masharti haya hayawezi kubebeshwa mke wala mtoto. Kuwaacha wao na kwenda jangwani, au kukaa nao bila kuwashughulikia, ni haramu, na wakiangamia yeye ataulizwa. Ndiyo maana Abu Bakr, siku iliyofuatia kupewa ukhalifa, alijitwika mtumba wa nguo akaelekea sokoni, mpaka Waislamu walipompangia posho. Tena Ghazali anakwenda hatua moja zaidi, akisema kwamba nafsi ya mtu nayo ni mmoja wa wategemezi wake, na haruhusiwi kuinyima mpaka iangamie kama haijaridhia na haina nguvu hiyo. Abu Turab al-Nakhshabi, Msufi wa karne ya 9, alimwona mwenziwe aliyekaa siku tatu bila kula akinyoosha mkono kuokota ganda la tikiti, akamwambia kwamba njia hii haimfai na akae sokoni. Hilo halikuwa tusi. Sokoni ni mahali pa heshima kwa anayepajua kuwa ndipo pake.

Wakristo wana kisa kinachofanana na kinachotofautiana na hayo, nacho ni cha Mtakatifu Antoni wa Misri, aliyezaliwa karibu mwaka 251 na ambaye maisha yake yaliandikwa na Athanasio, askofu wa Alexandria. Akiwa kijana aliyefiwa na wazazi, aliingia kanisani akakuta ikisomwa habari ya kijana tajiri aliyeambiwa na Yesu auze alivyo navyo awape maskini. Akatoka, akawaachia wanakijiji ardhi yake ya arura 300, kiasi cha ekari mia mbili, akauza vyombo vyote, na akabakiza kidogo kwa ajili ya dada yake mdogo. Baadaye alisikia kanisani maneno ya Injili kuhusu kutoisumbukia kesho, akatoa na kile kidogo pia, na dada yake akamkabidhi kwa mabikira waaminifu aliowafahamu ili wamlee. Athanasio anakisifu kitendo hicho, na dada huyo, ambaye jina lake halikuandikwa, hakuachwa njiani. Hata hivyo, msomaji aliyetoka kwenye juzuu ya 35 ya Ihya hawezi kujizuia kuuliza kama binti huyo aliulizwa. Baada ya hapo Antoni alifanya kazi kwa mikono yake, akanunua mkate kwa alichokipata na kuwapa maskini kilichobaki, kwa kufuata agizo la Mtume Paulo kwamba asiyefanya kazi asile.

Kwamba swali hilo si la vitabu vya zamani tu kulionekana mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, Kenya, ambako ilifukuliwa miili ya watu zaidi ya 400, wakiwamo watoto wengi. Waendesha mashtaka wamesema kwamba waumini waliacha kazi na mali zao, wakahamia msituni, na wakahimizwa kufunga mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Kiongozi wao ameyakana mashtaka, na kuamua ni kazi ya mahakama. Lakini kuhusu watoto hakuna mahakama inayohitajika ili kujua kwamba mtoto wa miaka mitano hana tawakali ya kutoa. Anayo njaa tu, na mzazi anayeihesabu njaa hiyo kuwa imani yake mwenyewe anatoa sadaka kitu kisicho chake.

Mambo madogo ya nyumbani nayo hayakumpita Ghazali. Mtume alimwelekeza Bedui amfunge ngamia kwanza ndipo atawakali, na vivyo hivyo mtu afunge mlango atokapo, ila asiufanye ufunguo kuwa tegemeo lake, wala asiache ndani kitu kitakachomtia mwizi tamaa ya kutenda dhambi. Malik ibn Dinar wa Basra alirudisha chombo cha maji alichopewa zawadi, kwa sababu shetani alikuwa akimnong'oneza kila saa kwamba mwizi amekwisha kukichukua. Na Ghazali ananukuu pia maoni ya walioona kwamba huo nao ni udhaifu wa moyo, kwani ingemdhuru nini mwizi akikichukua? Anapotoka, mtu anuie kwamba kikiibiwa kitu basi kiwe sadaka kwa mwizi akiwa fukara, na akiwa si fukara, basi pengine atatosheka nacho asiende kumwibia jirani. Al-Rabi ibn Khuthaym aliibiwa farasi wa thamani ya 20,000 akiwa katika sala, akamwona mwizi anamfungua, na sala hakuikata.

Mafundisho haya yalifika pwani ya Afrika Mashariki hasa kwa njia ya masharifu wa Hadhramaut wa njia ya Alawiyya, ambao wamekuwa wakiitukuza Ihya kuliko karibu kitabu kingine chochote cha wanazuoni. Habib Saleh, mzaliwa wa Ngazija aliyefariki Lamu mwaka 1935, alikuwa wa njia hiyo, na msikiti na chuo chake cha Riyadha viliwapokea wanafunzi wa tabaka ambazo wakubwa wa mji hawakuzoea kuziona darasani, wakiwamo watu waliotoka utumwani. Wakfu nao ulienea sana, mashamba ya minazi na nyumba za Unguja na Mombasa zikitengwa kwa ajili ya misikiti, visima na jamaa wa waliozitenga. Kwa yule ambaye hakuwa na nguvu ya al-Khawwas, wakfu ulikuwa njia ya kuachia mali akiwa bado anawatazama wanawe wakila.

Mwaka 1106, baada ya miaka kumi na moja, Ghazali alirudi kufundisha, safari hii Nishapur, kwa kushurutishwa na Fakhr al-Mulk, mwana wa Nizam al-Mulk. Alijua watu watasema amerudi alikotoka, naye akajibu kwamba zamani alifundisha elimu ya kupatia jaha na sasa anafundisha elimu ya kuiachia. Jibu hilo ni zuri kupita kiasi, na anayelitilia shaka ana mwenzake, kwa kuwa hata Abd al-Ghafir al-Farisi alilitilia shaka. Anasema alimtembelea mara nyingi akidhani unyenyekevu ule mpya ni vazi la kujisingizia, mpaka uchunguzi ulipomwonyesha vinginevyo. Baadaye Ghazali alirudi Tus, akaweka madrasa na makazi ya Masufi jirani na nyumba yake, na akafariki Desemba 1111. Abd al-Ghafir aliandika pia alichokiacha: mabinti peke yao, hakuwa na mtoto wa kiume, na mali kiasi, nyingine ya urithi na nyingine ya kuchuma, iliyotosha kumweka yeye na kuwalisha watu wa nyumba yake. Aliletewa zaidi ya hiyo mara kadhaa, akaikataa.